Chungu cha Kila Siku na Chungu cha Sikukuu

Wasikilizaji wangu, katika vitabu vya historia twasoma sana habari za wafalme, vita na merikebu, lakini ni mara chache twasoma watu wa kawaida walikula nini jioni baada ya kutoka shambani. Walakini swali la "Leo tutakula nini?" ni la kale kuliko ufalme wo wote, na mwenye kulijibu siku zote ni mama wa nyumba. Basi leo nataka kuwapa maneno machache juu ya vyungu viwili, kile cha kila siku na kile cha sikukuu, na jinsi vyungu hivyo vinavyogombania ghala moja.

Nianze na ugali. Wanafunzi wangu hukasirika kidogo niwaambiapo kwamba mahindi ni mgeni katika nchi zetu. Jina lenyewe linadanganya, maana lasikika kama kwamba zao hili lilitoka Bara Hindi, na kumbe asili yake ni Mexico, ambako watu walianza kulilima yapata miaka 9,000 iliyopita. Wareno walifika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, pamoja na Vasco da Gama, na ni baada ya kuja kwao ndipo mahindi yalipoonekana huku, na mhogo, na viazi vitamu, na karanga, na nanasi, vyote asili yake ni Amerika. Kabla ya hapo ugali ulikuwa wa mtama, wa uwele au wa ulezi, na kitoweo kilikuwa kunde. Hivyo ndivyo vyakula vilivyozaliwa katika bara letu. Ndizi na nazi zilikwisha kuvuka bahari zamani sana kutoka upande wa mashariki, hata hakuna aliyezikumbuka kuwa ni ngeni.

Tunaye shahidi mmoja wa mambo ya kale ambaye hupenda sana kutueleza alichokula. Huyo ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikuwa mgeni wa sultani, akaletewa wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya malimau, na tangawizi, na maembe. Akashangaa jinsi wenyeji wale walivyokula sana. Kisha akaenda Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Huko anasema chakula cha watu kilikuwa zaidi ndizi na samaki, wala hawakulima nafaka kisiwani, bali waliletewa kutoka pwani.

Zisomeni habari hizo mbili pamoja. Ile ya kwanza ni chakula cha mgeni wa mfalme, na hii ya pili ni chakula cha jirani yako na changu. Mtu akisoma ile ya kwanza peke yake atadhani kwamba pwani nzima ilikuwa ikila wali kwa samli kila jioni. Ndivyo ilivyo hata leo: mgeni akija wakati wa sikukuu hurudi kwao akawasimulia watu habari za pilau yetu, bali za bada ya mhogo hasemi neno.

Sasa mtaniuliza, mahindi yaliushindaje mtama? Sababu ya kwanza ni ndege. Suke la mtama li wazi, na mtoto lazima ashinde shambani na teo lake kutoka alfajiri mpaka jua kuchwa, bali hindi limevikwa maganda. Tena hindi huliwa bichi, la kuchoma au la kuchemsha, kabla halijakauka, na hiyo ni faraja kubwa kwa nyumba ambayo ghala lake limekwisha. Sababu nyingine ilitoka nje ya shamba. Wenye mashamba makubwa, reli na migodi walitaka chakula chepesi kununuliwa, chepesi kupimwa, cha kuwagawia watu wa kazi, nao wakachagua unga wa mahindi. Neno posho hapo kwanza lilikuwa na maana ya chakula apewacho mtu kwa siku, na katika nchi nyingine likageuka kuwa jina la unga wenyewe.

Katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 maelfu na maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ndilo jina tulilolifanya Kariakoo, na mpaka leo limebaki Dar es Salaam. Wengi wa wapagazi hao walitoka katika nchi za ndizi, za mtama na za viazi, wakapewa unga wa mahindi ambao hawakuuzoea, mara nyingi bila nafasi wala kuni za kuupika mpaka ukaiva. Matumbo yao yakaharibika. Waliokufa kwa maradhi katika kikosi kile walikuwa wengi mno kupita waliokufa kwa risasi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakuu. Niwaonapo vijana wakicheka kwamba ugali ni chakula duni kisichohitaji ujuzi, huwakumbusha wapagazi hao.

Hapa nitawapeni hesabu kidogo, nanyi mnisamehe, kwani mimi ni mwalimu. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Kibaba ni kama ratili moja na nusu, na vibaba vinne ni pishi moja. Katika misafara ya zamani desturi ilikuwa kumpa mpagazi kibaba kimoja kwa siku. Basi nyumba ya watu wazima wanne hula pishi moja kila siku. Mwenye nyumba akialika wageni arobaini siku ya sikukuu, na kila mmoja ale kibaba chake, zitatoka pishi kumi. Maana yake karamu moja imekula siku kumi za nyumba ile, nazo siku hizo hazirudi. Yafaa tujue zitatolewa wapi, tena zitatolewa mwezi gani.

Maana sikukuu zetu hazikupangwa na mtu mmoja. Iliyo ya kale pwani ni Siku ya Mwaka, mwaka wa jua wa siku 365, ambayo huko Makunduchi katika Unguja bado huadhimishwa kila mwaka mwezi wa Julai. Bwana Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, aliandika habari zake katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Anasema wanawake walioga baharini usiku au alfajiri, kisha wakapika chungu kikubwa cha nafaka na kunde zilizochanganywa pamoja, kikaliwa adhuhuri katika nyumba za wakubwa. Tena hapo zamani moto wote ulizimwa, ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Angalieni jambo hili: sikukuu ile iliangukia kiangazi, baada ya mavuno ya masika, na chakula chake kilikuwa kile kile cha kila siku, kikatiwa katika chungu kimoja kikubwa. Hapakuwa na haja ya kukopa, kwani ghala lilijaa.

Sikukuu za Waislamu zina njia nyingine. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, hata Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama thelathini na mitatu. Mtu wa umri wangu, miaka arobaini, ameifunga katika masika, katika kipupwe na katika vuli, na mzunguko umeanza tena. Kwa hiyo mama wa Kiislamu hawezi kutegemea kwamba Idi itamkuta na ghala limejaa. Yeye hujifunza kupanga. Siku za mwisho wa Shaabani watu huvunja jungu, yaani hula karamu ya kuagana na vyakula vya mchana. Kisha huja mwezi mzima wa futari, ambayo mara nyingi ni mihogo, viazi au magimbi kwa tui la nazi, pamoja na uji, na mchele huwekwa kando kidogo kidogo kwa ajili ya Idi. Nimeona nyumba ambamo mtungi wa mchele wa Idi ulifungwa kwa kitambaa mwezi wa Rajabu, na hata mwenye nyumba hakuthubutu kuufungua.

Na sisi Wakristo, je? Krismasi ilitujia pamoja na kalenda ya Ulaya. Kule Desemba ni wakati wa baridi. Mavuno yamekwisha kuingizwa, na wanyama walichinjwa kabla ya majani kwisha, hata nyama ilikuwapo. (Bata mzinga, ambaye Waingereza humfanya mfalme wa meza siku ile, naye alitoka Mexico kama mahindi yetu. Kabla yake walikula bata bukini na nyama ya ng'ombe.) Bali katika nchi kama Bonde, chini ya milima ya Usambara, Desemba ni mwezi wa vuli. Mahindi ya masika yamepungua ghalani, na mapya yangali shambani. Sikukuu kubwa kuliko zote imeangukia mlango wa njaa.

Juu ya hayo, tulikubali kwamba sikukuu bila wali si sikukuu. Mchele nao una historia yake. Zamani za Wareno, Pemba ilisifiwa kwa mpunga wake, na Mombasa ilipata mchele huko. Katika karne ya 19 mikarafuu ilienea Unguja na Pemba, watu wakatia nguvu zao katika karafuu, na mchele ukazidi kununuliwa ng'ambo, India na Burma. Biashara hiyo ilifaa mpaka mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma. Hapo mchele ule ukakatika, na waliozoea wali wakarudi kwenye mihogo na mtama kwa ghafula. Upande wa Kenya chakula cha heshima kilikuja kwa njia ya reli. Wahindi kama 32,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa la Victoria, kuanzia mwaka 1896 hata 1901, na katika miaka iliyofuata chapati ya Wahindi ikawa chakula cha Krismasi katika nyumba nyingi za Waafrika. Kilichokuwa chakula cha kila siku cha mtu mmoja kikawa karamu ya mwingine.

Nami nitawasimulia jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto, baba yangu alitaka kualika watu ishirini siku ya Krismasi, wale wali. Mwenye duka alikuwa tayari kumkopesha mchele, alipwe kwa mahindi wakati wa mavuno, kwa bei atakayoitaja yeye. Mwaka uliotangulia tulikwisha kulipa hivyo, na madebe matatu ya mahindi yalitoka kwa debe moja la mchele. Mama hakubishana naye mbele yetu. Alimwambia tu, "Baba watoto, njoo unisaidie kuhesabu." Akaingia ghalani na pishi, na kwa kila pishi aliyoipima akaweka punje moja ya hindi katika ungo. Kisha akapanga safu ya pili, punje moja kwa kila siku iliyobaki mpaka mahindi mapya. Safu ya siku ikaipita safu ya pishi kwa punje kumi na tisa.

"Hizi kumi na tisa," mama akasema, "nimezipandia mihogo. Wageni wako ni pishi tano nyingine. Hizo nitaziweka wapi?"

Baba akautazama ungo muda mrefu. Akasema, "Mama watoto, watanicheka."

Wageni walikuja wote ishirini. Mama alipika bada, na kunde kwa tui zito, na majogoo wawili, na pishi moja ya wali aliyokuwa ameilimbikiza konzi kwa konzi tangu Agosti, akaigawa kwanza kwa watoto na wazee. Mzee mmoja alifunua kawa, akatazama, akauliza kwa sauti wali uko wapi. Baba akainama asijibu. Mzee yule akala bada yake, akaongeza, akanawa mikono, akaenda zake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mkewe alikuja kwetu kumwomba mama amfundishe hesabu ile. Alikuwa na ungo wake kichwani, na punje za mahindi amezifunga katika pindo la kanga.