Kundelungu: majani yamebaki, wanyama wako wapi?

Wakaaji wa Kilwa tunaijua Kundelungu kama mlima wa upande wa magharibi. Lakini juu yake hakuna kilele: ni uwanda mpana wa majani, unaofika karibu mita 1,700. Wataalamu wa mimea wanauita dilungu. Miti ni michache kwa sababu udongo hauna rutuba na usiku wa kiangazi ni baridi.

Wabelgiji walianza na Upemba, mwaka 1939. Kundelungu ilingoja hadi 1970, wakati wa Mobutu, ndipo ikawa parke ya taifa. Ndani yake maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300.

Zamani tembo, nyati na pundamilia walikula majani hayo. Ujangili uliwamaliza, na vita vilivyoanza 1996 vikaongeza bunduki. Leo pundamilia wa mwisho wa Kongo wako Upemba, karibu na Lusinga.

Sheria ya 1970 haikutosha kulinda wanyama. Sasa kinachobaki ni majani, misitu ya mteremko na vijito vinavyoshuka kuelekea Luapula na ziwa Moero. Misitu hiyo ikiisha kwa makala, hasara itatufikia sisi tunaokaa chini.