Makumbusho Yaanzie Njiani, Si Kwenye Mifupa

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi kukumbusha. Kwa hiyo nyumba hiyo si ghala la vitu vya kale. Ina wajibu kwa kila anayeingia. Anayeisanifu hana budi kujiuliza kwanza: namkumbusha nani, na namkumbusha nini?

Tuchukue mfano wa Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani waliongoza uchimbaji wa mabaki ya dinosaria kilimani hapo, na takriban tani 250 zikasafirishwa hadi Berlin. Tangu mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha mita 13 hivi, amesimamishwa katika ukumbi wa makumbusho ya jiji hilo.

Mgeni huinua shingo, akastaajabu, akaenda zake. Amekumbushwa ukubwa wa mnyama. Lakini mifupa peke yake haimwambii kwamba uchimbaji ulianza takriban miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa katika nchi hiyo hiyo ya kusini, vita vilivyoandamana na njaa kuu. Haimwambii kwamba waliochimba ni mamia ya Waafrika, wala kwamba wapagazi waliibeba mizigo hiyo kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Ni wangapi miongoni mwetu wanaolijua jina la Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji hao?

Wapo wanaodai mifupa irejeshwe. Dai hilo ni la haki. Hata hivyo, tukiirejesha na kuisimamisha vilevile, tutakuwa tumehamisha ukumbi bila kubadili somo.

Kwa maoni yangu, makumbusho ya Tendaguru yangepaswa kuanzia njiani. Mgeni apite kwanza katika ushoroba mrefu, ajaribu kuinua mzigo wa mpagazi, asome majina yanayojulikana na aone nafasi tupu za wale ambao hawakuandikwa. Mifupa iwe mwisho wa safari. Maelezo yatangulie kwa Kiswahili, na wajukuu wa wapagazi waingie kama wenyeji.

Usanifu wa namna hii hauhitaji kungoja meli kutoka Ulaya. Njia ya kwenda Lindi ingali hapa kwetu, tuanze nayo.