Sitara ya Uzazi, Tangu Enzi za Bibi Zetu

Somo hukufundisha ya ndani. Ya wodini hayasemi.

Bibi zetu Unguja walijifungulia nyumbani, mlango umefungwa, mkunga na kanga zake. Mwaka 1918 ikaanzishwa Jumuiya ya Uzazi ya Zanzibar, ikitegemea sana michango ya Wahindi, ili wanawake wahudumiwe na wakunga waliosomea. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu ya serikali yakawa bure. Alhamdulillah, hata asiye na senti akapokelewa.

Sitara ndiyo iliyobaki nyumbani. Mwenzetu mmoja alizaa hospitali ya serikali, kitanda hakina pazia, wanaume wanapita. Alipolia akaambiwa, “Kwani wewe wa kwanza kuzaa?” Tusidhulumu: nesi kazi aliijua, mtoto alitoka salama. Lakini mimba ya pili mwenzetu aligoma kwenda. Damu ikamwagika, mkunga hana la kufanya, tukamkimbiza usiku hospitali ile ile. Wakamwokoa.

Pazia bado halikuwepo. Tulifungua kanga zetu tukazishika kuzunguka kitanda mpaka alfajiri.