Mtu Aliyepotelea Tanga

Tulifika Tanga Ijumaa saa mbili usiku, tukiwa tumechoka na mashavu yamejaa vumbi la dirishani. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita mia tatu hamsini hivi, lakini ukikaa kiti cha nyuma ya basi zinakuwa mia saba. Baada ya Segera giza lilikuwa limeshaingia, na kando ya barabara nilichoweza kuona ni mistari ya mkonge iliyomulikwa na taa kwa sekunde moja moja, kisha ikapotea. Mhasibu wetu, rafiki yangu tangu chuo kikuu, alikuwa amelala begani kwangu. Mimi sikulala. Nilikuwa na sababu ya kuuangalia mkonge ule ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Watatu tuliosoma pamoja, miaka sita tangu tuhitimu, wawili tukiwa Dar na mmoja amerudi kwao Tanga kufundisha historia sekondari. Mwalimu alikuwa akitualika kila Idi na kila mwaka tunatoa udhuru. Safari hii tulisema tunakwenda. Tulichukua vyumba viwili katika hoteli ndogo karibu na bahari, ya ghorofa mbili, yenye feni inayopiga kelele na chai ya asubuhi iliyojumuishwa kwenye bei. Dada wa mapokezi alitupa funguo na kutuuliza kama tumekuja kikazi. "Tumekuja kutembea," mhasibu akajibu.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuja na baiskeli tatu. Tanga ni mji wa baiskeli. Barabara ni tambarare, miti ni mingi, na hakuna anayekuona mshamba ukipiga pedeli na shati la kuchomekea. Tulikula mahamri na mbaazi kibarazani kwa mama mmoja, kisha tukaelekea Ras Kasone.

Hapo ndipo mwalimu alipoanza kazi yake. Alisimamisha baiskeli chini ya mwembe, akanyoosha mkono baharini. Tarehe 2 Novemba 1914, alisema, manowari ya Waingereza iitwayo Fox iliingia bandari hii kuwataka Wajerumani wausalimishe mji. Mkuu wa wilaya Mjerumani akaomba muda, na muda huo ukatumika kupiga simu ya maandishi Moshi. Usiku ule Waingereza wakaanza kushusha jeshi lao hapa Ras Kasone: watu 8,000 hivi, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Wengi walikuwa wametoka tu kwenye meli zilizojaa kupita kiasi, wakiwa wagonjwa wa bahari, na mbele yao kulikuwa na mashamba na vichaka wasivyovijua.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alishuka kwa treni kutoka Moshi. Reli ile ilikuwa imeanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika koloni lote, na sasa ikawa ndiyo iliyoleta askari. Usiku wa tarehe 3 aliuzunguka mji kwa baiskeli kukagua uwanja. Mhasibu alicheka aliposikia hivyo, akakigonga kiti cha baiskeli yake. Kesho yake, watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, wakawarudisha nyuma watu 8,000. Katikati ya mapigano risasi zilivunja mizinga ya nyuki mitini, na nyuki wale hawakuuliza bendera. Waliwauma wa pande zote mbili. Ndiyo maana Waingereza wengine wakayaita mapigano yale vita vya nyuki.

"Lakini kuna hoteli," mwalimu akasema. Sehemu moja ya jeshi la Uingereza, wakiwemo askari wa Kashmir, iliingia mjini kweli. Wakateka jengo la forodha na hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, wakapandisha bendera ya Uingereza juu yake. Kwa saa chache, ushindi wote wa Waingereza Tanga ulikuwa hoteli. Kisha wakasukumwa nje. Tarehe 5 walirudi melini wakiacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za mashine na risasi laki kadhaa ambazo Wajerumani walizitumia katika vita vilivyofuata. Upande wa Uingereza watu zaidi ya 800 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wametoweka. Mji ulikuja kuchukuliwa Julai 1916, bila vishindo vingi.

Tulikwenda kwenye makaburi ya vita. Nyasi zimekatwa, jiwe limesimama vizuri, majina yamechongwa. Nilisoma majina ya Kihindi kimoyomoyo, nikiyatamka kadiri nilivyoweza. Halafu nikamuuliza mwalimu: na wapagazi?

Akatingisha kichwa. Vita vile vilibebwa vichwani. Kabla havijaisha mwaka 1918, Waingereza peke yao walikuwa wamewachukua Waafrika kama milioni moja kubeba mizigo, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, wanafika laki moja au zaidi. Tunalo jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Majina ya watu wenyewe kwa sehemu kubwa hatunayo.

Mambo yaliharibika wakati wa chakula cha mchana. Tulikuwa tumeagiza samaki wa kupaka na wali, na mhasibu alikuwa anamtuma mwalimu huku na huku: mletee maji, mwitie mhudumu, kamtafutie chaja. Mwalimu akacheka, akasema, "We vipi, unanifanya manamba?"

Ni utani wa Tanga. Nimewasikia watu wakiusema, na mwalimu hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilinyamaza, na nilinyamaza muda mrefu mpaka wote wawili wakaacha kula. Ndipo nikawaambia nilichokuja nacho.

Baba yake babu yangu alitoka Ubena mwaka 1948 kuja kukata mkonge. Lori lilimchukua pamoja na vijana wengine wa kijijini. Babu alikuwa na miaka minne. Ilikuja barua moja, aliyoandikiwa na mtu mwingine kwa sababu yeye hakujua kuandika, ikisema yuko Tanga, kuna joto, na kuna maji yasiyo na ng'ambo. Baada ya hapo kimya. Kwetu jambo hili lina jina lake: amepotelea Tanga. Babu sasa ana umri wa kushika fimbo, na nilipomwambia nakwenda Tanga kutembea na rafiki zangu aliniuliza swali moja tu: "Utaulizia?"

Mwalimu aliweka kijiko chini. "Samahani, ndugu yangu," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu wa historia, na nadhani kwa kuwa aliona aibu, akaanza kunieleza, na maelezo yale ndiyo yalikuwa kuomba radhi kwake kwa kweli.

Mkonge si mmea wa huku. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Ilikuwa miaka minne tu tangu Wajerumani wamnyonge Abushiri huko huko Pangani, Desemba 1889, kwa kuongoza upinzani wa pwani. Kutoka miche ile 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa katani; mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Tani hizo zilihitaji mikono, na wenyeji wa pwani waliokuwa na mashamba yao, minazi yao na bahari yao hawakuwa na haraka ya kwenda kuchomwa na miiba. Kwa hiyo mikono ikatafutwa mbali: Ubena, Ufipa, Uha, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, watu wakaiita SILABU. Kijana alisaini mkataba kwa kidole gumba, akapewa namba, akapandishwa lori. Kutokana na namba likaja neno manamba. Shambani kazi ilipimwa kwa mafungu ya majani, na siku ilihesabiwa pale tu mtu alipomaliza kiasi alichopangiwa. Majani yakapelekwa korona, mashine ya kuyachakata, ambayo kelele zake zilisikika hadi kambini.

"Walipigana pia," mwalimu akasema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa mashambani kiliitisha migomo mikubwa. Kiongozi wao, Victor Mkello, alikuja kupelekwa Sumbawanga mwaka 1963 kwa amri ya serikali huru aliyosaidia kuileta. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakawa ya umma, lakini wakati huo kamba za plastiki zilikuwa zimeshaanza kuila bei ya katani.

Nilisikiliza yote. Nilijua baadhi. Sikuwa nimewahi kuambiwa na mtu wa Tanga.

Jioni mwalimu alitupeleka Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kwa bibi mmoja jirani yao wa zamani. Alikuwa amekaa barazani na binti yake, birika la kahawa pembeni. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu peke yake. Mwalimu akamweleza shida yangu. Bibi akaniuliza jina la baba yake babu. Nikalitaja, jina refu la Kibena.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona unamtafuta kwa jina la kwao?"

Akanieleza polepole. Manamba waliomaliza mikataba hawakurudi wote. Wengine waliona aibu kurudi mikono mitupu. Wengine walipata wake huku, wakasilimu, wakaitwa Juma, Ramadhani, Athumani. Watoto wao wakasoma madrasa hapa hapa. "Mtaa huu," akasema akizungusha kidole, "ukianza kuwachimba watu, nusu utafika bara. Hata baba yangu mimi. Tulimjua kwa jina la Saidi. Siku ya kufa kwake ndipo alipoanza kusema kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu alikuwa anaangalia chini. Alikuwa ameishi nyumba ya pili kutoka kwa bibi yule utoto wake wote, na hakuwahi kulisikia jambo hilo.

Jumapili kabla ya basi nilikwenda peke yangu hadi ufukweni nyuma ya hoteli, nikampigia babu. Nilimwambia sikulipata kaburi. Nilimwambia alichosema bibi, kwamba huenda baba yake alibadili jina, na kwamba huenda tuna ndugu huku ambao hawatujui na sisi hatuwajui. Babu alikaa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Na hayo maji," akauliza, "yapo?"

"Yapo, babu. Niko mbele yake."

"Kweli hayana ng'ambo?"

Nikatazama. Upeo ulikuwa wa ukungu, ngalawa mbili zinarudi.

"Haionekani," nikamwambia.

"Basi hakutudanganya," babu akasema, kisha akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.