Bomu kwenye Buti, Simba kwenye Uwele

Filamu ya Touch of Evil, aliyoitoa Orson Welles mwaka 1958, inaanza na mikono ya mtu anayetegesha saa ya bomu. Analiweka kwenye buti la gari, anatokomea gizani. Wenye gari wanakuja wakicheka, wanapanda, wanaondoka. Kwa dakika tatu na ushei kamera inalifuata gari hilo bila kukatwa hata mara moja, katika mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani: linapunguza mwendo, linasimama, linapishana na mke na mume waliofunga ndoa juzijuzi wanaotembea kwa miguu. Mwanamke aliyemo garini analalamika kwamba anasikia kitu kinagonga tiki-tiki kichwani mwake. Hakuna anayemjali. Sisi tuliokaa vitini ndio tunaojua, na hatuna namna ya kumwambia.

Mzee mmoja wa Ikungi, Singida, naye aliponisimulia habari za simba-watu hakuanza na simba. Alianza na uwele. Alieleza ulivyokuwa umerefuka kumpita mtu mzima, jinsi kaya zilivyokuwa mbalimbali, nani alikuwa wa nyumba ya nani, na njia ya maji ilipita wapi. Nikangoja simba. Yeye akaendelea kupanga kaya zake, moja baada ya nyingine, hata nikaanza kuuogopa uwele wenyewe.

Habari zenyewe si za kubuni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, Singida ilikumbwa na mfululizo wa vifo vilivyoonekana kama vya kuraruliwa na simba, lakini watu wakasema nyuma ya makucha kulikuwa na mikono ya binadamu. Serikali ya kikoloni ilipeleka watuhumiwa mahakamani kwa kosa la mauaji, na mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records likachapa makala kuhusu mkasa huo. Nakiri nasita kuuweka sambamba na sinema. Maiti wa Welles waliinuka kamera ilipozimwa. Wa Singida wana makaburi. Ninacholinganisha ni usimulizi tu, yaani mlango ambao kila mmoja ameuchagua wa kutuingizia ndani.

Welles anampa mtazamaji siri na kumnyima sauti. Taharuki yake yote imo katika swali moja: lini? Mzee wa Ikungi hana siri ya kumpa msikilizaji wake. Kila aliyekaa pale anajua kwamba kuna mtu atauawa, na pengine anajua hata ukoo wake. Swali linalobaki ni jingine kabisa: nani? Ndiyo maana Welles anahitaji saa, na mzee anahitaji ramani ya majirani.

Hollywood nayo imewahi kuuliza hilo la nani. Katika Cat People ya Jacques Tourneur, ya mwaka 1942, binti wa Kiserbia aitwaye Irena amesimama mbele ya tundu la chui mweusi katika bustani ya wanyama ya New York, anachora. Anaitupa karatasi, anafahamiana na kijana mmoja, wanaondoka wakizungumza. Hapo ndipo tunapoonyeshwa mchoro ulioachwa: chui aliyechomwa upanga. Hakuna damu wala mayowe. Baadaye tutaambiwa Irena anaogopa kwamba kwao wapo wanawake wanaogeuka paka wakubwa, na yeye huenda ni mmoja wao. Tourneur, kama mzee wetu, anajua kwamba mnyama asiyeonekana hutisha kuliko anayeonekana. Ila Irena ni mgeni katika jiji la wageni, na hofu yake inauelekea moyo wake mwenyewe. Simba-mtu wa Unyaturu, huko Singida, alihofiwa kwa sababu huenda ana mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda mmepakana mashamba.

Na wapo simba ambao ni simba tu. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, inayohusu simba waliokula wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898, inafunguliwa na sauti ya Samuel, aliyeigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, akituhakikishia kwamba mambo haya yalitokea kweli. Nilifurahi kuona studio kubwa, pamoja na vifaa vyake vyote, imeona haja ya kumwazima msimulizi wa Kiafrika ili tuamini.

Msimulizi huyo sisi tumemzoea. Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, picha iliyotafsiriwa haianzi kimya. Mtafsiri, kwa mtindo uliovumishwa na Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, anatutambulisha kwa stelingi kabla stelingi hajafungua mdomo, anatupa historia yake, na mara nyingi anatunong'oneza kwamba yule anayecheka pale si mtu mzuri. Wenye fani wamefananisha kazi hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Zamani nilikereka. Niliona anaua ukimya uliogharimiwa kwa fedha na akili.

Kumbe hata Welles alifanyiwa hivyo nyumbani kwake. Studio ya Universal iliujaza mwanzo wake muziki wa Henry Mancini na majina ya waigizaji juu ya picha. Yeye aliandika waraka wa kurasa 58 kueleza alivyotaka filamu iwe, na mwaka 1998, miaka 13 baada ya kifo chake, ikatolewa ikiwa imehaririwa upya kwa kufuata waraka huo. Majina yameondolewa, na kilichobaki ni miziki ya mabaa na redio ya gari ikisogea na kufifia. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, maana unaweza kulitafuta bomu kwa masikio.

Lakini kazi ya Lufufu siyo ya Mancini. Muziki wa Mancini hauhitaji jibu. Mtafsiri akisema "sasa tazama huyu," kibanda kizima kinamjibu, wengine kwa matusi, kama watoto wanavyoitikia pakawa mara wasikiapo paukwa. Kile ambacho Welles alimnyima mtazamaji, mtafsiri anamrudishia: sauti. Taharuki ya upweke inapungua, nakubali. Inayoingia mahali pake ni ya watu waliobanana kwenye benchi moja, kila mmoja akimwangalia mwenzake ataruka lini.

Mwishoni nilimuuliza mzee wa Ikungi kama aliyeua alikuwa simba au mtu. Akaniuliza nitalala kwa nani usiku ule, na nimepanga kupita njia ipi.