Njia ya St. Moritz, Inayojengwa Upya Kila Mwaka

Njia ya barafu ya St. Moritz–Celerina, katika bonde la Engadin nchini Uswisi, ndiyo kongwe kuliko zote duniani zinazotumika kwa mbio za bobslei. Ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1904. Ina urefu wa mita 1,722, na kutoka St. Moritz inakoanzia hadi Celerina inakoishia hushuka mita 130. Njia nyingine za mashindano makubwa ya siku hizi hujengwa kwa zege lenye mabomba ya kugandisha maji. Hii hutengenezwa kwa theluji na maji, ikagandishwa na baridi ya mlima peke yake.

Chimbuko lake ni hoteli. Katika miaka ya 1860 Johannes Badrutt, mwenye Hoteli ya Kulm, aliwavuta wageni wake Waingereza wakae St. Moritz hata wakati wa baridi, msimu ambao awali haukuwa na watalii. Wageni hao walitafuta la kufanya, wakaanza kuteleza kwa sleji katika barabara za mji na kuwagonga waenda kwa miguu. Ilibidi mchezo utafutiwe mahali pake. Majira ya baridi ya 1884–85 ilichongwa Cresta Run, njia ya mtu mmoja anayelala kifudifudi na kutanguliza kichwa. Huko ndiko mchezo wa skeletoni ulikokulia.

Bobslei, sleji ndefu yenye usukani na ya kubeba watu kadhaa, ilikuja baadaye kidogo. Klabu yake ilianzishwa St. Moritz mwaka 1897, na katika mbio za awali wanawake walipanda pamoja na wanaume. Njia nyembamba ya Cresta haikuzifaa sleji hizo nzito, ndipo ikajengwa njia ya pekee, iliyokamilika kwa ufunguzi wa 1904.

Ujenzi wake ndio unaoitofautisha na nyingine zote, nao hurudiwa kila mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Novemba, kikosi cha mafundi, wengi wao kutoka Tirol Kusini kaskazini mwa Italia, hufanya kazi kwa muda wa wiki tatu hivi. Huchanganya theluji na maji hadi ipatikane rojo zito, hulipachika kwa koleo kwenye kuta, kisha hulichonga na kulilainisha likishaganda. Maelfu ya mita za ujazo za theluji hutumika. Umbo la kila kona hutegemea sana jicho na mkono wa fundi, na ujuzi huo hurithishwa kazini, mzee akimwonyesha kijana. Kona ngumu kuliko zote ni Horse-Shoe, inayomgeuza mteremkaji karibu nusu duara huku uzito ukimgandamiza kitini. Sunny Corner inapigwa na jua kama jina lake linavyosema, kwa hiyo barafu yake huhitaji kulindwa. Ifikapo Machi msimu hufungwa na njia ikaachwa iyeyuke.

Kwa sababu hiyo rekodi za St. Moritz zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Muda uliowekwa msimu mmoja uliwekwa juu ya kuta ambazo hazipo tena. Hali ya hewa nayo ina kauli yake: katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1928, iliyofanyika hapo, joto liliharibu barafu, na mbio za bobslei zikapunguzwa kutoka miteremko minne hadi miwili. Billy Fiske wa Marekani, dereva wa miaka 16, alishinda akiwa na kikosi cha watu watano kwa jumla ya dakika 3 na sekunde 20.5, yaani zaidi kidogo ya sekunde 100 kwa kila mteremko. Fiske alifariki mwaka 1940 akiwa rubani wa vita katika jeshi la anga la Uingereza.

Olimpiki ilirudi hapo mwaka 1948, kwa kuwa Uswisi haikuathiriwa sana na uharibifu wa Vita vya Pili vya Dunia. Felix Endrich na Fritz Waller waliipatia nchi yao dhahabu ya bobslei ya watu wawili, na kikosi cha Francis Tyler wa Marekani kikashinda ya watu wanne kwa dakika 5 na sekunde 20.1 katika miteremko minne. Wastani ulikuwa sekunde 80, pungufu ya sekunde 20 ukilinganisha na ule wa miaka ishirini nyuma. Leo sleji za watu wanne hushuka kwa zaidi kidogo tu ya dakika moja, zikipita kilomita 130 kwa saa.

Mashindano ya dunia yamefanyika hapo mara nyingi tangu 1931, na yale ya luji, mchezo wa kuteleza kwa sleji ukilala chali na kutanguliza miguu, yalifika mwaka 2000. Mwaka 2020 njia hii ilipokea mbio za Olimpiki ya Vijana ya Lausanne. Katika ubingwa wa dunia wa 2023, Laura Nolte wa Ujerumani alitwaa taji la wanawake la bobslei ya mtu mmoja.