Siku ya Mungu na Mapumziko ya Mtumishi



Katika sehemu nyingi za Kongo yetu wazee walizoea kuliita juma "posho". Neno hilo lilitoka kazini: chakula cha wafanyakazi kiligawiwa mara moja kwa juma, na mtu alihesabu siku zake kwa unga aliopewa. Lakini siku moja haikupata jina lake kwa bwana wa kazi. Iliitwa Siku ya Mungu. Leo tutazame historia ya siku hiyo, tupate kujua ilitolewa kwa ajili ya nani.

Tuanze Misri. Waisraeli walikuwa watumwa, wakimfanyizia Farao matofali. Musa alipoomba waende jangwani kumfanyia Mungu sikukuu, Farao alijibu kwamba ni wavivu tu. Akaagiza wasipewe tena majani makavu ya kuchanganya na udongo, na hesabu ya matofali isipungue. Angalieni vema: machoni pa Farao, kusali na kupumzika ni uvivu.

Mungu alipowatoa utumwani, aliwafundisha kupumzika hata kabla ya kuwapa Amri Kumi. Aliwashushia mana, na siku ya sita akawapa posho ya siku mbili, ili siku ya saba mtu yeyote asitoke kutafuta chakula. Kisha katika amri yenyewe akawataja wale wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni. Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria chaeleza sababu: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa. Basi bwana wa nyumba hakupewa pumziko hilo peke yake.

Bwana wetu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na Wakristu wakaanza kukusanyika siku hiyo. Katika ufalme wa Roma ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Kwa hiyo walikutana kabla ya mapambazuko, ndipo wakaenda kazini. Mwaka 304, Kaisari Dioklesiano alipokuwa amekataza mikutano yao, Wakristu 49 wa Abitina, mji wa Afrika katika nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa wakiadhimisha Dominika nyumbani mwa mwenzao. Walipohojiwa mjini Karthago walikiri kwamba hawawezi kuishi bila adhimisho la Bwana, wakateswa kwa ajili hiyo. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike Dominika. Wakulima aliwaruhusu kuendelea na mashamba yao.

Lakini roho ya Farao haifi upesi. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, wakuu walifuta juma la siku saba, wakaweka la siku kumi. Mfanyakazi aliyezoea kupumzika siku ya saba akaambiwa angoje ya kumi. Watu hawakulizoea, na tarehe 1 Januari 1806 kalenda hiyo ikaachwa. Baadaye viwanda vikaongezeka Ulaya, na maskini wakatumikishwa bila kipimo. Ndipo Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alipofundisha kwamba pumziko la Dominika ni haki ya mfanyakazi, na mapatano ya kazi yasiyompa pumziko hayana nguvu.

Ubelgiji nayo ilitoa sheria ya pumziko la Dominika mwaka 1905. Mfalme wake alikuwa Leopold II. Mfalme yuleyule alitawala Kongo, ambako baba zetu walilazimishwa kutafuta mpira porini siku nyingi kila mwezi, hata mashamba yakaachwa na njaa ikaingia vijijini. Mwaka huohuo, tume aliyoiteua mwenyewe ilitangaza taarifa iliyothibitisha mateso hayo. Mfanyakazi wa Ubelgiji alipata siku yake. Mtu wa Kongo hakuhesabiwa.

Ndugu zangu, tusiseme upesi kwamba Farao ni mzungu, au ni mtu wa zamani. Tuchungulie nyumbani mwetu. Dominika baba arudi kutoka Misa, aketi chini ya mwembe na rafiki zake. Wakati huohuo mama anateka maji, anatwanga sombe, anachanja kuni, na mtoto wa ndugu anayelelewa hapo hana hata nafasi ya kucheza. Akichelewesha chakula, mama huyo huitwa mvivu. Neno hilo tumelisikia wapi? Tumelisikia kinywani mwa Farao.

Chakula ni lazima kipikwe, wala Kanisa halikatazi. Lakini mana ilikusanywa siku moja kabla. Vivyo hivyo kuni na maji yaweza kuletwa Jumamosi, na mikono ya baba na ya vijana isaidie. Siku ya Mungu haijaingia katika nyumba ambamo mmoja bado ni mtumwa.

Swali la kujibu nyumbani: Katika jamaa yetu, ni nani asiyepumzika Dominika?

Azimio la juma hili: Nitamwondolea kazi moja huyo asiyepumzika.